Namba ya siri naijua peke yangu, salio linapungua kila jioni. Hiki kidole cha kulipia kinaaminika kweli?

Seremala wa Keko | Jumatatu, saa 4:10 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Naombeni mawazo yenu kabla sijavuruga amani ya nyumba yangu.

Miezi mitatu iliyopita niliachana na kulipa kwa menyu ya nyota. Mnaijua adha yake: unabonyeza, unasubiri, unachagua, unaandika lipa namba, unaandika kiasi, ukifika kwenye namba ya siri mtandao unakata, unaanza upya, na nyuma yako foleni inakohoa. Kijana mmoja wa dukani akaniwekea apu ya mtandao wangu, akaiunganisha na alama ya kidole. Tangu siku hiyo nikinunua mbao, gundi au chapati, naandika kiasi, nagusa, tumemalizana. Juzi nimelipia mbao za 300,000 huku mkono mwingine umeshika kikombe cha kahawa. Nimeuhubiri huu mtindo pale Keko mpaka mafundi wenzangu wananiita mchungaji.

Jana nikavuta taarifa ya miamala, nilitaka tu kujua mbao zimenila kiasi gani. Nimekuta bando 14 ambazo sikununua: 11 za shilingi 2,000 na 3 za shilingi 5,000. Jumla 37,000. Zote zimenunuliwa kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku. Meseji zake zilikuwa zinaingia, lakini nani anasoma meseji za bando?

Nimepiga huduma kwa wateja. Dada kanijibu kwa upole kwamba miamala yote imetoka kwenye simu yangu na imethibitishwa na mwenye simu. Mwenye simu ni mimi, na sijathibitisha kitu! Namba ya siri sijamwambia mtu, hata mama watoto. Laini haijawahi kupoteza mtandao, kwa hiyo wale wezi wa kuhamisha laini nimewatoa kwenye hesabu.

Nyumbani tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wawili (mmoja miaka 8, mwingine miezi 5), na shemeji yangu aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Simu anaijua kuliko mimi niliyeinunua. Mnaona mawazo yangu yanakoelekea, ila ushahidi sina.

Kibao cha Mbuzi | saa 4:14 usiku

Mchungaji umeibiwa na kondoo wako mwenyewe.

Dereva Mstaafu | saa 4:22 usiku

Ndiyo maana mimi simu yangu ni ya tochi. Namba ya siri iko kichwani, kichwa kiko shingoni, basi. Hivi vidole mlivipeleka wenyewe kusajili laini, mwisho ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, foleni mpaka barabarani. Sasa mnashangaa nini? Kidole chako kiko huko kwenye kompyuta zao, mtu akikitaka anakichukua.

Kokoto | saa 4:31 usiku

Mzee Dereva amemaliza kila kitu. Nakaa hapa nisubiri majibu ya kitaalamu.

BintiKilwa | saa 4:40 usiku

Shemeji mwonee huruma, kila kitu kikipotea ndani ya nyumba ni yeye. Swali langu kwa mleta uzi: huwa unalala jioni? Kwangu mimi mume akishaanza kukoroma simu yake naifungua kwa dole gumba lake mwenyewe. Kidole kinafanya kazi hata mwenyewe akiwa ndotoni.

Kibao cha Mbuzi | saa 4:42 usiku

Wanaume wote humu kuanzia leo tutalala tumekunja ngumi.

Mchomelea wa Aggrey | saa 5:25 usiku

Nina kibanda cha kutengeneza simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, mwaka wa tisa sasa. Nianze na mzee Dereva kwa sababu hilo kosa nalisikia kila siku.

Kidole ulichoweka wakati wa kusajili laini na kidole ulichoweka kwenye simu yako havijuani. Cha laini kilikwenda kulinganishwa na kumbukumbu za NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa. Huko kuna hifadhi kubwa ya taifa, na swali linaloulizwa ni "huyu ndiye mwenye namba hii ya NIDA?" Cha simu hakitoki ndani ya simu. Simu haihifadhi hata picha ya kidole. Inapima vile vifereji na vituta vya ngozi, inavigeuza kuwa hesabu, hesabu inafungiwa kwenye kona ya chipu ambayo hata apu zako haziruhusiwi kuingia. Apu ya pesa haijawahi kukiona kidole chako.

Sasa apu inajuaje kwamba ulipe? Chukulia ghala lenye mlinzi. Siku ile kijana alipokuunganishia, uliingiza namba ya siri mara moja. Ndani ya simu ukatengenezwa ufunguo wa siri, akakabidhiwa mlinzi. Kila ukitaka kulipa, apu inamwambia mlinzi "naomba ufunguo". Mlinzi anasema "weka kidole". Kikilingana na kimojawapo alivyonavyo kwenye daftari lake, anautoa ufunguo. Kisichokuwemo, anakunyima.

Rudi usome nilipoandika "kimojawapo". Mlinzi haulizi wewe ni baba, mama au mpangaji. Vidole vyote vilivyo kwenye daftari ni sawa mbele yake. Dada wa huduma kwa wateja hakukudanganya: kwa simu, mwenye simu ni kidole chochote kilichosajiliwa.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla ya shemeji, nenda kwenye mipangilio, ingia usalama, halafu alama za vidole. Uniambie viko vingapi.

Seremala wa Keko | saa 5:41 usiku

Mkuu Mchomelea, viko vinne. Kidole cha 1 mpaka cha 4. Lakini hilo halinishtui. Mimi ni seremala, ngozi ya vidole inaliwa na msasa na gundi inaganda juu yake. Simu ikinikataa naongeza kidole kingine. Vyote ni vyangu.

Mchomelea wa Aggrey | saa 5:44 usiku

Una uhakika?

Kwenye ukurasa huohuo, gusa sehemu ya kusomea kwa kila kidole chako. Simu nyingi, kidole kikilingana, mstari wake unang'aa. Jaribu vyote kumi. Mimi nalala, kesho tutaongea.

Mama Kibua | Jumanne, saa 11:50 alfajiri

Wanangu, mimi nauza samaki Feri, naomba nichangie huku nasubiri mnada.

Kidole kimenikataa mwaka mzima. Asubuhi mikono ina maji, mchana ina magamba, jioni imesinyaa kama imekaa kwenye pilau ya jana. Mteja amesimama, pesa anataka nimrudishie chenji kwa simu, mimi nafuta kidole kwenye kanga, nagusa, "jaribu tena", nafuta, "jaribu tena", mwisho simu inajifunga inadai namba ya siri, na namba ya siri yenyewe naiandika watu wote wa meza ya jirani wanatazama. Kijana wangu anasema mama tumia kidole ni haraka. Haraka ya nani?

Aliyenisaidia ni mpangaji mwenzangu. Aliniambia nisajili kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki kisu. Halafu nikisajili mara mbili, kama vidole viwili tofauti: mara ya kwanza kikiwa kikavu, mara ya pili nikitoka kazini kikiwa kimechoka. Sasa kati ya mara kumi kinanikataa labda moja. Waambieni na mafundi ujenzi, saruji nayo inafuta alama kabisa.

Mchomelea wa Aggrey | saa 2:05 asubuhi

Mama, huyo mpangaji mwenzako aje nimpe kazi. Ushauri ni sahihi kabisa. Sehemu nyingi za kusomea za pembeni au nyuma ya simu zinapima umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na maji yanajaza vile vifereji, simu inaona uwanja tambarare. Zile za chini ya kioo kwenye simu nyingi zinapiga picha kwa mwanga, ndiyo maana unaona kioo kinamulika. Nyingine zinatumia mlio ambao sikio halisikii.

Na hapo kwenye kioo nitoe tahadhari kwa wanaonunua protekta za barabarani. Mwaka 2019, mwezi wa Oktoba, mama mmoja Uingereza aliweka protekta ya bei rahisi kwenye Samsung Galaxy S10, akagundua mume wake anaifungua simu kwa kidole ambacho hakijasajiliwa. Baadaye ikaeleweka kwamba simu ilikuwa inasoma mchoro wa ile plastiki badala ya ngozi. Baadhi ya mabenki ya kule yaliondoa kidole kwenye apu zao kwa muda mpaka Samsung walipotoa marekebisho. Ukibadilisha protekta, futa vidole vyako, usajili upya.

Kokoto | saa 2:30 asubuhi

Sasa kama plastiki inaidanganya simu, usalama uko wapi?

Mswahili wa Kibokoni | saa 3:15 asubuhi

Salaam aleikum nduzangu. Mie niko Mombasa, nawasoma toka jana.

Kokoto, hakuna kufuli isiyovunjwa. IPhone 5s ilipotoka Septemba 2013 ndiyo iliyofanya kidole kiwe jambo la kila mtu. Hazikupita siku nyingi, wajuzi wa Ujerumani wa Chaos Computer Club wakaipiga chenga. Walichukua alama kwenye kioo alichogusa mtu, wakaipiga picha, wakaisafisha, wakaichapa kwa wino mzito, wakamwagia gundi ya mbao, ikakauka, wakaibandua. Ngozi ya bandia. Ikafungua.

Lakini hesabu kazi waliyofanya. Mwizi wa Marikiti hana muda huo. Yeye anasimama nyuma yako kwa wakala, anakutazama unavyobonyeza nambari ya siri, kisha anakupora simu kwenye tuktuk. Nambari ya tarakimu 4 ina uwezekano 10,000 tu, na watu wengi wanaweka mwaka wa kuzaliwa. Apple walisema kidole cha mtu mwingine kukubaliwa kwa bahati ni mara 1 kati ya 50,000, ukisajili kimoja. Ukisajili vitano bahati hiyo inapanda kuwa 1 kati ya 10,000. Kila kidole unachoongeza ni dirisha jingine ukutani. Ndugu Seremala na vinne vyako, hapo zingatia.

Huku kwetu M-PESA tangu 2007 imejengwa juu ya nambari ya siri, na nambari ya siri ipo mpaka leo. Kidole kimekuja kwenye apu tu. Ukipiga *334# hakuna kidole, kwa sababu ile ni njia ya maandishi ya mtandao, haina mlango wa kufikia ile kona ya chipu aliyoisema Mchomelea. Kwa hivyo kidole ni njia ya mkato ya kufikia nambari, hakijaiondoa.

Dereva Mstaafu | saa 3:40 asubuhi

Nimekubali la NIDA, nilichanganya. Lakini kisaikolojia kidole kinanipa shida. Baba yangu mzazi alikuwa hajui kusoma, kila karatasi walimwambia "tia dole". Shamba liliuzwa kwa dole lake, na hakujua ameuza.

Mswahili wa Kibokoni | saa 4:02 asubuhi

Mzee wangu, hilo si la kuchekwa. Kenya ya mkoloni walikuwa na kipande. Sheria ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika anavaa shingoni kijaluba cha chuma, ndani mna karatasi yenye jina, kazi, mwajiri na alama za vidole. Ukikutwa huna, jela au faini. Watu wakikiita kengele ya mbuzi. Kwa wazee wetu kidole kilikuwa cha kukukamatia. Leo unaambiwa ni cha kununulia mkate, ukubali mara moja? Mie mwenyewe ilinichukua muda.

Kilichonituliza ni hilo alosema Mchomelea, kwamba hakitoki kwenye simu. Siku apu itakaponiambia "tutumie kidole chako tukihifadhi kwetu", naifuta siku hiyohiyo. Nambari ikiibwa unaibadilisha. Kidole utabadilisha mara ngapi? Kumi, basi.

Kokoto | saa 4:20 asubuhi

Mimi naona mnakwenda polepole. Kwa nini simu yenyewe isiondoke? Niende kwa Mangi, niguse kidole kwenye kimashine chake, sukari yangu nachukua, simu nimeiacha nyumbani. Huo ndio wepesi.

Mchomelea wa Aggrey | saa 5:10 asubuhi

Kokoto, India wanao huo mfumo. Mtu anaweka kidole kwenye mashine ya wakala, kinalinganishwa na hifadhi ya taifa ya Aadhaar, anatoa pesa kwenye akaunti ya benki bila kadi wala simu. Umewasaidia sana watu wa vijijini, sikatai. Lakini matapeli walichofanya ni kutafuta alama za vidole kwenye hati za ardhi, wakatengeneza vidole vya mpira, wakakomba akaunti za watu. Wenye vidole wako shambani, wanasikia meseji tu. Ikabidi watu washauriwe kuzifunga alama zao, yaani unauzima mlango na kuufungua siku unapotaka kutoa.

Ndiyo tofauti. Kwenye simu, mwizi anahitaji vitu viwili: simu yako YENYEWE na kidole chako. Kidole cha mpira bila simu yako hakina thamani ya andazi. Kwa Mangi wako, kidole peke yake kinatosha, na kidole unakiacha kwenye kila glasi ya soda.

Kibao cha Mbuzi | saa 5:15 asubuhi

Na mwizi asiyejua gundi ya mbao akija na panga je?

Mchomelea wa Aggrey | saa 5:32 asubuhi

Ulitania lakini iliwahi kutokea. Malaysia, 2005, wezi wa gari walimkata mtu kidole kwa sababu Mercedes yake ilikuwa inawaka kwa alama ya kidole. Mimi wateja wangu nawaambia: ukisimamishwa gizani, kidole weka, simu toa, rudi nyumbani na vidole vyako. Pesa utapiga simu izuiwe.

Ila kuna kinga ndogo. Ukihisi hatari, zima simu au iwashe upya. Simu ikishazimwa, ikiwaka haipokei kidole mpaka iandikiwe namba ya kufungulia kwanza. Ukikosea mara kadhaa pia, inadai namba. Na BintiKilwa, habari mbaya kwako: mumeo akinunua iPhone ya Face ID, inayosoma uso badala ya kidole, ile kwa kawaida inadai macho yawe wazi na yanaitazama simu.

BintiKilwa | saa 5:36 asubuhi

Atanunua ya kidole. Nitahakikisha.

Seremala wa Keko | saa 1:20 usiku

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa na oda ya kabati.

Nimefanya kipimo sebuleni. Dole gumba la kulia: mstari wa 1 umeng'aa. Cha shahada cha kulia: mstari wa 2. Dole gumba la kushoto: mstari wa 4. Mstari wa 3 umekaa kimya. Nimejaribu vidole vyangu vyote kumi, nikaosha kwa sabuni, nikajaribu tena. Kimya.

Nikamwita mama watoto. Vidole vyake kumi. Kimya, na maswali juu. Nikamwita shemeji. Hapo nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Kaweka cha kwanza, cha pili, mpaka cha kumi, simu inamkataa, mpaka ikajifunga sekunde 30, tumekaa tunatazamana kama mahakamani. Hakuna. Kijana kanyanyuka bila neno, kaenda kukaa nje. Mama watoto hajaniongelesha mpaka naandika hapa.

Kwa hiyo ndani ya simu yangu kuna kidole cha mtu nisiyemjua. Ni yule kijana wa dukani aliyeniunganishia, si ndiyo?

Kokoto | saa 1:24 usiku

Ni yeye. Alijiwekea chake. Nenda naye polisi.

Mchomelea wa Aggrey | saa 1:38 usiku

Taratibu jamani. Kijana wa dukani angenunua bando kwa simu yako jioni ukiwa nyumbani kwa njia gani? Kidole chake kinafanya kazi akiwa ameishika simu hiyo tu.

Halafu kuna jambo. Apu nyingi za pesa zilizotengenezwa vizuri, ukiongeza kidole kipya kwenye simu baada ya kuunganisha, ule ufunguo unafutika wenyewe. Apu inadai namba ya siri upya. Ndiyo ulinzi dhidi ya mtu kuokota simu yako na kujisajili. Je, iliwahi kukudai hivyo?

Seremala wa Keko | saa 1:45 usiku

Mara moja, mwezi uliopita, nilipoongeza dole gumba la kushoto baada ya kujikata na randa. Nikaweka namba ya siri, ikaendelea.

Mchomelea wa Aggrey | saa 1:49 usiku

Sawa. Dole la kushoto ndilo mstari wa 4. Kwa hiyo cha 3 kilikuwepo kabla yake. Na namba ya siri ulipoiweka mwenyewe siku ile, uliwaidhinisha wote wanne kwa mpigo bila kujua.

Nyumbani uko na watu watano. Umepima watatu. Simu jioni anaishika nani?

Seremala wa Keko | saa 1:52 usiku

Jioni nikitoka kazini naiweka chaji, naenda kuoga, nakaa kidogo kijiweni. Bado mtoto wa miaka 8. Lakini mkuu, mtoto atajulia wapi mambo ya bando? Na wa miezi 5 usiniambie.

Mama Kibua | saa 1:55 usiku

Mwite mtoto.

BintiKilwa | saa 1:55 usiku

Mwite mtotooo.

Kibao cha Mbuzi | saa 2:10 usiku

Mleta uzi kapotea. Nani ana namba yake?

Seremala wa Keko | saa 2:48 usiku

Wakuu.

Nimemwita binti yangu, nikamwambia leta kidole. Hakuuliza kidole gani. Kaleta dole gumba la kulia moja kwa moja, kama mtu anayekwenda kazini. Mstari wa 3 umeng'aa.

Nikakumbuka yote. Miezi 5 iliyopita mama yake alikuwa hospitali kujifungua, mimi nashinda njiani kati ya Keko na wodini, mtoto namwachia jirani na simu aangalie katuni asilie. Simu ilikuwa inajifunga, jirani ananipigia kwa simu yake kuniuliza namba. Nikaona isiwe tabu, nikamsajili kidole. Mwenyewe! Apu ya pesa haikuwepo bado. Nikasahau.

Nimemuuliza kwa upole, bando ulinunuaje? Kanijibu: "Katuni ikisimama inakuja sehemu ya kubonyeza, nabonyeza, inasema weka kidole, naweka kidole." Apu ya mtandao wangu yenyewe haili bando, kwa hiyo hata salio la intaneti likiisha inafunguka. Yeye kwa akili yake katuni inaendeshwa kwa kidole. Zile za 5,000 ni siku za Jumamosi, alisema alibonyeza ile yenye rangi nzuri.

Shemeji nimemfuata nje, nimemwomba radhi mbele ya dada yake. Chipsi kuku imehusika, na soda. Amesema amenisamehe ila ataandika.

Dereva Mstaafu | saa 2:55 usiku

Simu ya tochi, wanangu.

Mswahili wa Kibokoni | saa 3:04 usiku

Allah! Mtoto hana kosa hata chembe. Kaulizwa kidole, katoa kidole. Nambari ya siri ingemuuliza jambo asilolijua, angekuja kwako. Hapo ndipo wepesi ulipokula pesa yako: ile tabu ndogo ya kuandika tarakimu nne ilikuwa pia ni nafasi ya mtu kujiuliza "nalipa nini hiki?" Kwa mbao za laki tatu huna haja ya kuulizwa. Kwa mtoto, ilikuwa lazima.

Mchomelea wa Aggrey | saa 3:30 usiku

Sasa tufunge kazi. Futa mstari wa 3. Kufuta hakutakuharibia kitu, vyako vitaendelea kulipa. Wapo watakaokushauri uizime kabisa apu isitumie kidole. Mimi sioni haja. Kwa seremala mwenye foleni nyuma yake, kidole ni bora kuliko kuandika namba ya siri hadharani. Mtoto umpe simu ikiwa imebanwa kwenye apu moja ya katuni. Simu nyingi za Android zina kipengele cha kubandika apu isitoke mpaka uandike namba ya kufungulia. Kama yako inaruhusu kumfungulia ukurasa wake wa mgeni, bora zaidi, huko apu zako za pesa hazionekani.

Na yule anayekupigia kusema "nimekutumia pesa kimakosa, irudishe", au "bonyeza hapa upokee zawadi", kidole hakikulindi naye hata kidogo. Pale unaweka mwenyewe, kwa hiari, macho yako wazi.

Kuna na wale mafundi wenzangu wanaobadilisha kitufe cha kidole cha iPhone za zamani kwa kitufe cha simu nyingine: kidole hakitafanya kazi tena, kitufe na chipu vimefungwa ndoa kiwandani. Mwaka 2016 kulikuwa na balaa la kosa namba 53, iPhone zilizobadilishwa kitufe zilikufa kabisa baada ya kusasishwa, mpaka Apple wakaomba radhi na kutoa dawa. Mteja akikuletea, mwambie ukweli kabla hujashika bisibisi.

Mama Kibua | saa 3:41 usiku

Mwanangu Seremala, hizo 37,000 hesabu ni ada ya shule. Na huyo mtoto usimchape.

Seremala wa Keko | Jumatano, saa 3:15 usiku

Sijamchapa, mama. Naleta taarifa ya mwisho.

Mstari wa 3 nimefuta mbele yake, nikamweleza kwamba kidole chake si cha kununulia tena. Alilia kidogo, akaniuliza kidole chake kimekosa nini. Nikamwambia hakijakosa, kimeachishwa kazi. Akanyamaza, nikajua yameisha.

Leo nimerudi nimechoka, nimejilaza kwenye kochi bila hata kuoga. Usingizi ukanipitia. Nimeshtuka nasikia mkono wangu unanyanyuliwa taratibu, nikafumbua jicho moja: binti amepiga magoti pembeni ya kochi, simu ameiegemeza kwenye mto, na dole gumba langu kalishika kwa mikono yake miwili, analipangusa vumbi la mbao kwa gauni lake kwanza ili lisome vizuri.

BintiKilwa, mmewasiliana?